Zabuni za Mwendokasi: Mdogo Apewe Kazi, Si Asilimia

Mengi yamesemwa juu ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, na mengi yamesemwa kwa hasira, maana mtu aliyesimama kituoni saa nzima hachagui maneno. Watu husema juu ya msongamano, juu ya kadi, juu ya uchache wa mabasi. Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi kituoni kwa kuwa halionekani kituoni. Ni nani anayepewa kazi ya kuyaendesha mabasi hayo, kuyaosha, kuyatengeneza, kufagia vituo vyake, kuvilinda usiku na kuwashonea sare watumishi wake? Fedha ya kazi hizo ni fedha ya nauli na ya kodi. Hutoka mfukoni mwa mwananchi shilingi kwa shilingi, alfajiri na jioni. Basi yafaa tuulize hurudi mfukoni mwa nani.

Sheria haikunyamaza. Kwa marekebisho yaliyofanywa mwaka 2016 katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, ofisi za umma zilitakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria mpya ya mwaka 2023 haikuutupa upendeleo huo. Tena kwa kanuni zake za mwaka 2024 kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zikawekwa kwa makampuni ya wananchi peke yao, ambapo zamani mpaka ulikuwa bilioni 10. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, ulioanzishwa mwaka 2007, ni ofisi ya umma kama ofisi nyingine, na sheria hiyo inaushika kama inavyoshika wizara na halmashauri.

Kwa hiyo hatuji hapa kuomba sheria. Tunayo. Tunalosema ni kwamba asilimia iliyoandikwa karatasini haimfikii mtu mdogo, wala haitamfikia, mpaka mambo mawili yatengenezwe: ukubwa wa kazi inayotangazwa, na siku ambayo aliyeifanya hulipwa.

Kwanza tukumbushane huyu mtu mdogo ni nani katika mambo ya mabasi, kwa kuwa wapo vijana wengi wanaodhani usafiri wa jiji hili ulianza siku barabara ya Morogoro ilipomwagwa zege.

Baada ya Uhuru mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa bado ya kampuni ya kigeni, DMT. Kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Tulilipenda shirika hilo kwa sababu lilikuwa letu. Lakini mapenzi hayanunui vipuri. Fedha za kigeni zilipokauka, mabasi yaliharibika moja baada ya jingine, na watu wakawa wakining'inia mlangoni kama popo. Ndipo watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari yao, kwa kujificha, na mwaka 1983 Serikali ikakubali kwa shingo upande waingie barabarani kwa ruhusa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mitaani iliitwa dala. Jina la daladala likatoka hapo.

Tangu hapo kwa miaka zaidi ya 30 jiji hili lilibebwa na watu wenye basi moja au mawili. Mwalimu aliyestaafu, mfanyabiashara wa Kariakoo, mjane aliyeuza shamba, askari aliyepata kiinua mgongo: hao ndio waliokuwa shirika la usafiri. Hakuna benki iliyowapangia wala mtaalamu aliyewaandikia ripoti. Hatusemi kwamba kazi yao ilikuwa safi. Dereva na konda walifanya kazi bila mkataba, kutoka saa kumi ya usiku mpaka saa nne ya usiku unaofuata, wakitafuta hesabu ya tajiri kwanza ndipo wapate cha kwao. Na nyuma yao alisimama deiwaka akingoja mmoja wao achoke. Abiria walirundikwa, na mwanafunzi akasukumwa mlangoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Hayo twayajua na hatuyatetei. Lakini jiji lilifika kazini kila siku, na waliolifikisha walikuwa wadogo.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi katika njia ya kwanza, kilomita 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na mtu aliyekuwa akitumia saa mbili na nusu kutoka Kimara alijua thamani yake siku ile ile. Daladala zikaondolewa katika njia hiyo zikapelekwa pembeni. Mpango wa kwanza ulitazamia kwamba wazabuni wakubwa wa kimataifa wangekuja kuendesha. Wenye daladala walipiga kelele, na kwa haki, wakauliza kama miaka yao 30 ilikuwa ya bure. Jibu likawa kuunganishwa na UDA katika kampuni ya UDART, ambayo Aprili 2015 ilitia saini mkataba wa mpito wa miaka 2. Ndoa hiyo ilishangiliwa sana. Ila usukani ulibaki kwa aliyekuwa mkubwa, na mwenye basi moja akabaki na jina lake katika risala.

Mwaka 2025 njia ya Mbagala ikakabidhiwa kwa kampuni binafsi ya wananchi. Twafurahi kuona mwananchi akiaminiwa kazi kubwa. Lakini mwananchi mkubwa na mwananchi mdogo si mtu mmoja, na sera inayowapendelea wazalendo kwa jumla haimfikii fundi wa Tandale kwa sababu tu tajiri aliyeshinda zabuni amezaliwa nchi moja naye.

Sasa tuingie katika hesabu, maana mwandishi wa ukurasa huu alifunzwa chuo cha ualimu na hawezi kuacha ubao mtupu.

Njia ya kwanza ina vituo 27 bila kuhesabu vituo vikuu. Tuseme, nao ni mfano tu, kila kituo kinahitaji wafagiaji 6, na kila mfagiaji analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kituo kimoja ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Vituo vyote 27 ni shilingi 48,600,000. Sasa zabuni ikitangazwa ya vituo vyote kwa pamoja, na malipo yakichelewa miezi 3, jambo ambalo kila aliyepata kuiuzia Serikali kalamu na karatasi analifahamu, basi mshindi lazima awe na shilingi 145,800,000 za kuwalipa wafagiaji kabla hajaona hata senti moja. Hapo bado hajanunua fagio.

Kikundi gani cha akina mama wa Manzese kina fedha hiyo? Hakuna. Basi hakiombi. Zabuni inafunguliwa, inasomwa, inaandikwa kwamba makundi maalum yalialikwa na hayakujitokeza. Na ofisi inalala usingizi, imetimiza sheria.

Igeuze hesabu hiyo. Zigawe kazi zile mafungu 9, kila fungu vituo 3. Fungu moja ni shilingi 5,400,000 kwa mwezi. Malipo yakichelewa miezi 3, bado mtaji unaotakiwa ni shilingi 16,200,000, mzigo mzito kwa kikundi. Lakini malipo yakija kila mwezi bila kukosa, shilingi 5,400,000 zinatosha kuanza. Kikundi chenye mkopo wa halmashauri kinaweza. Kutoka 145,800,000 mpaka 5,400,000! Na ndoo ni zile zile, kituo ni kile kile, uchafu ni ule ule. Kilichobadilika ni namna karani alivyoandika tangazo na namna mhasibu alivyotia saini hundi.

Tumetaja mkopo wa halmashauri, nalo yafaa tulitazame. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya ubadhirifu, na mwaka 2024 ikarudishwa. Sasa angalia jinsi mikono miwili ya Serikali isivyojuana. Mkono mmoja unampa mama mkopo aanzishe kazi ya usafi. Mkono wa pili una kazi ya usafi, lakini umeifunga furushi moja kubwa ambalo mama hawezi kulibeba. Mama anarudi kuuza vitumbua vilivyokuwepo kabla ya mkopo, na mwisho wa mwaka anaitwa mdaiwa sugu. Laiti afisa maendeleo wa kata angekaa meza moja na afisa ununuzi wa Wakala hata mara moja kwa mwaka, wakapanga mkopo gani uende na fungu lipi.

Wako wasemao kwamba upendeleo wa namna hii unapandisha gharama, na kwamba abiria ndiye atakayelipa. Hoja hii ina uzito na hatuikwepi. Kusimamia mikataba 9 kunahitaji kazi zaidi kuliko kusimamia mmoja. Mkubwa hununua sabuni kwa pipa, mdogo hununua kwa dumu, na bei si moja. Lakini tuwaulize mabwana hao jambo moja. Mkubwa aliyeshinda furushi la vituo 27 anafagia yeye? Huajiri wafagiaji wale wale wa Manzese, kwa ujira anaoutaka yeye, akabaki na tofauti. Tena akishika kazi yote kwa miaka 3, mwaka wa 4 hakuna mwingine aliyejifunza kazi hiyo, na bei anaitaja yeye. Mwenye mafungu 9 akiona mmoja ni mvivu humfukuza mmoja, vituo 24 vinaendelea kufagiwa. Mwenye furushi moja akimfukuza mvivu, jiji lote linanuka.

Wala hatusemi kila kazi igawanywe. Kujenga barabara ya zege, kuleta mabasi marefu, kutengeneza mtambo wa tiketi unaosoma kadi moja kutoka Kimara mpaka Kivukoni, hizo ni kazi za mikono mikubwa. Anayetaka kuwagawia watu 40 mtambo wa tiketi atapata tiketi za aina 40. Sisi twasemea kazi ambazo ukubwa wake ni wa kuandikwa tu: usafi, ulinzi, bustani, sare, samani, uchapaji, kupaka rangi, kuchomelea vyuma vya vituo, kuziba mapaa yanayovuja, chakula cha madereva katika karakana. Na zaidi ya zote, njia za mlisho, ambazo tutazirudia.

Kuna shimo jingine katika sheria yetu. Makundi maalum tunayoyataja ni vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Haya, mchukue mwanamume wa miaka 45 wa Mbagala, mwenye daladala moja iliyochoka, ambayo njia yake imechukuliwa na mwendokasi. Si kijana. Si mwanamke. Si mzee. Mungu amemjalia viungo vyote. Basi asilimia 30 haimhusu hata kidogo, ingawa ndiye hasa aliyeondolewa barabarani na mradi wenyewe. Na upande wa pili, binti wa tajiri mkubwa mwenye miaka 28 anaweza kuandikisha kikundi na wenzake wakaingia mlangoni kwa haki zote za karatasi. Udogo wenyewe, yaani mtaji mdogo, haukupimwa.

Jambo hili la kupima udogo limewasumbua wengine kabla yetu, na hapa yafaa tuwatazame Wamarekani, maana katika mashirika yao ya mabasi na treni wamelipigania zaidi ya miaka 40. Mwaka 1982 Bunge lao liliamua kwamba angalau asilimia 10 ya fedha za barabara na usafiri wa umma zinazotoka serikali kuu ziende kwa biashara ndogo za watu waliobaguliwa, kwanza Weusi na makabila mengine madogo. Mwaka 1987 wanawake wakaongezwa. Watu wengi waliokuwa hawajawahi kupewa hata kazi ya kubeba mchanga walipata kazi kwa njia hiyo. Kisha mahakama zikaingia. Mwaka 1995, katika shauri la kampuni ya Adarand, iliyokuwa ikifunga vizuizi vya kando ya barabara Colorado, Mahakama Kuu yao ikasema upendeleo wa rangi lazima upimwe kwa ukali wa hali ya juu. Na Oktoba 2025 wizara yao ya usafiri ikaondoa kabisa dhana kwamba mtu ni dhaifu kibiashara kwa sababu ya rangi au jinsia yake. Kila mmoja atakiwe kuthibitisha hali yake mwenyewe. Sisi hatukushangilia habari hiyo, maana ubaguzi uliowaweka watu hao nje haukufutwa kwa kalamu. Lakini ndani ya kanuni zao liko jambo lililowekwa mwaka 2011: kila shirika kubwa la usafiri linalopokea fedha hizo liwe na mpango wa biashara ndogo kwa udogo wake, pasipo kutazama rangi, na limekumbushwa kwa maandishi lisifunge kazi mafurushi makubwa bila sababu. Mpango huo haukutegemea dhana ile iliyoondolewa mwaka 2025.

Tena kanuni zao zinamtaka mkandarasi mkubwa amlipe mdogo aliye chini yake ndani ya siku 30 tangu mkubwa mwenyewe alipolipwa. Siku 30, imeandikwa. Mkubwa akikaa na fedha ya mdogo, shirika lina haki ya kumshika. Kwetu mkubwa hukaa na fedha ya mdogo mpaka mdogo auze kiwanja, na hakuna anayeliita jambo hilo kosa.

Kwa Wamarekani hao hao tumejifunza pia jinsi mwizi anavyopenyea. Katika jimbo la Pennsylvania, kampuni moja kubwa ya kutengeneza mihimili ya madaraja, Schuylkill Products, ilitumia jina la kampuni ndogo kutoka Connecticut kwa muda wa miaka 15. Kazi za madaraja ya jimbo na za shirika la usafiri la Philadelphia ziliandikwa kwa jina la mdogo. Mihimili ikatengenezwa na mkubwa, ikafungwa na watu wa mkubwa, na mdogo akapewa ujira mdogo wa kukodisha jina lake. Fedha iliyopita katika njia hiyo ilikuwa dola milioni 136. Wahusika wakafikishwa mahakamani. Maafisa waliokuwa wakisoma taarifa za kila mwaka kwamba lengo la asilimia limetimia walikuwa wakisoma uongo.

Je, kwetu hakuna vivuli vya namna hiyo? Msomaji ajibu mwenyewe. Kila mtaa unajua kikundi kimoja ambacho mwenyekiti wake hajui katibu anakaa wapi. Dawa yake wala haina ugumu. Asiulizwe mtu cheti tu. Aulizwe ndoo ni za nani, cherehani ni za nani, nani alimwajiri mfagiaji huyu, nani hutia saini hundi. Maswali 4 hayo yaulizwe kituoni, saa kumi na moja alfajiri, na mtu asiyetangaza kuja kwake. Kivuli hakina ndoo.

Wakenya nao walianza mwaka 2013 mpango wao wa asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wameuandikia sheria. Tatizo lao linajulikana kwa jina moja Kenya nzima: madeni ya serikali yasiyolipwa. Kijana anashinda zabuni, anakopa, anapeleka mali, kisha anangoja mwaka. Kushinda kwenyewe ndiko kumfilisi. Hatuwacheki ndugu zetu, maana katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, mwandishi wa ukurasa huu alimsindikiza fundi seremala mara 6 kudai fedha ya madawati aliyokwisha kuyapeleka. Mara ya 6 aliambiwa faili lake liko kwa mkubwa na mkubwa yuko safari. Fundi huyo leo hataki kusikia neno zabuni, na asilimia 30 ya nchi nzima haitamrudisha.

Turudi katika njia za mlisho, maana hapo ndipo palipo na uwezekano mkubwa kuliko kufagia. Basi refu la mwendokasi halifiki Mbezi Makabe wala Goba ndani ndani. Mtu lazima aletwe mpaka kituo kikuu na gari dogo. Magari hayo madogo tayari yapo, ni daladala. Leo daladala hupewa leseni na mamlaka ya usafiri wa ardhini, kisha kila moja hukimbilia abiria peke yake, dereva akihangaika na hesabu. Kwa nini Wakala usitoe mikataba ya njia za mlisho, njia moja moja, kwa vyama vya ushirika vya wenye daladala, na kuwalipa kwa kilomita badala ya kwa kichwa cha abiria? Anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kungoja gari lijae wala ya kumsukuma mwanafunzi. Na mkataba huo huo uandike kwamba dereva na konda wawe na barua ya ajira, maana hatuwezi kumdai mkubwa haki ya mdogo, kisha mdogo akamnyima haki aliye chini yake.

Watakaosema haiwezekani watazame Johannesburg. Mabasi yao ya Rea Vaya yalipoanza Agosti 2009, wenye teksi ndogo za Soweto walipinga vikali, hata mabasi yakapigwa risasi katika siku za mwanzo. Jiji halikuwatupa. Mazungumzo yakaendelea kwa taabu, na mwaka 2011 wenye teksi zaidi ya 300, walioziondoa teksi zao barabarani, wakawa wenye hisa wa kampuni ya PioTrans iliyokabidhiwa kuyaendesha mabasi hayo, ikilipwa na jiji kwa kilomita. Hawakuingia peponi. Kampuni hiyo imepata migomo na ugomvi wa ndani. Lakini mtu aliyekuwa na teksi moja alikaa mezani akiwa na hisa yenye namba na mkataba wenye miaka. Hata Bogotá, Kolombia, mji ambao wataalamu wetu walikwenda kuuiga, uliwaacha wadogo pembeni ulipoanza mwaka 2000, kisha katika awamu iliyofuata ukatoa alama za ziada kwa wazabuni walioshirikisha wenye mabasi madogo. Tuliiga barabara. Na hilo la pili tuliige.

Lipo jambo moja linalowapasa wenye daladala wenyewe, na tutalisema bila kuwabembeleza. Mtu mwenye basi moja hawezi kutia saini mkataba wa njia. Watu 30 wenye mabasi 30, wenye katiba, daftari la fedha na mkaguzi, wanaweza. Vyama vilivyopo vimezoea kupiga kelele nauli inapopangwa na kulala inapokwisha kupangwa. Kelele ina kazi yake. Lakini zabuni huombwa kwa hesabu zilizokaguliwa, na katika mtambo wa NeST ambao sasa ndio mlango wa ununuzi wote wa umma, asiyejiandikisha hayupo. Tunajua wazee wengi wenye mabasi hawajui kuufungua mtambo huo. Vijana wetu waliomaliza shule na wanaoshinda vijiweni wanajua. Kila tawi litafute vijana wawili wa kuwaandikisha wazee wa mtaa wake, bure, Jumamosi mbili kwa mwezi.

Kwa Wakala twaomba mambo machache, na tunayaomba kwa heshima. Utangaze kabla ya mwaka mpya wa fedha orodha ya kazi zote zinazoweza kugawanywa mafungu, na pale unapoamua kufunga furushi utoe sababu kwa maandishi. Ubandike kila baada ya miezi 3, kwenye ubao wa kituo cha Kimara, cha Morocco, cha Gerezani na cha Mbagala, majina ya vikundi na makampuni madogo yaliyopewa kazi, kazi yenyewe, siku ankara ilipopokewa na siku fedha ilipotoka. Safu hizo mbili za tarehe zitatueleza kuliko hotuba. Na katika mikataba ya wakubwa, wa njia ya kwanza na wa njia nyingine, uandike siku 30 za kumlipa mdogo, na adhabu yake.

Sisi nasi tutafanya sehemu yetu. Mwenye kikundi, gereji, cherehani au basi, aliyefanya kazi ya mabasi hayo, iwe kwa Wakala moja kwa moja au chini ya mkandarasi, na hajalipwa, alete tawini nakala ya hati ya kazi na ya ankara. Abaki na karatasi zake za asili. Aandike nyuma ya nakala tarehe aliyopeleka mali, tarehe aliyopeleka ankara, na kama amelipwa, tarehe ya malipo. Makatibu wa Ubungo, Kinondoni, Ilala na Temeke watazipokea mpaka mwisho wa mwezi huu. Tutazipanga kwa tarehe, bila majina ya wanaodai, na kuzipeleka kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala, na jibu lake tutalichapa katika ukurasa huu kama litakavyokuwa.